Bati Langu na Mkopo wa Sabra

Jumatatu, 16 Juni

Binti yangu Sabra kamaliza kidato cha sita, anataka chuo kikuu. Ada! Nikilisikia neno hilo kichwa kinagonga. Mkopo wa serikali upo, ila mwenyekiti wa kijiji atie saini kwamba hatuna uwezo. Na mimi, kwa kiburi cha mwaka ule wa ufuta, niliezeka bati. Linang'aa hadi Mohoro! Sabra anasema tueleze ukweli tu. Mtoto haijui dunia. Nahamia dunguni, kibanda cha juu ya nguzo tunakoamia ndege wasile mpunga. Mwenyekiti akiniona naishi kule, atalia.

Jumanne, 17 Juni

Nimehamia peke yangu. Mke wangu Salama kasema yeye ana nyumba. Mbu wa huku hawana adabu.

Jumatano, 18 Juni

Mwenyekiti Bushiri, mtani wangu, kapita. Nikamlilia kuwa sina kwangu ila hapa. Kacheka mpaka kandambili ikamtoka. Kasema msimu huu kijiji kizima kiko dunguni, yeye mwenyewe katoka kwenye dungu lake. Awaandikie wote ufukara? Kisha akapanda ngazi, akanyoosha kidole. Bati langu lile! Kalitangazia bonde zima. Hasira nilizonazo!

Ijumaa, 20 Juni

Dawa ni makuti. Siku ya pili leo niko juu ya paa, nalifunika bati. Salama akauliza nani anaamia ndege. Nikamjibu ndege nao hupumzika. Nikateleza, nikaangukia migombani. Mguu umevimba.

Jumamosi, 21 Juni

Yarabi! Ndege hawakupumzika. Mpunga wote umebaki makapi. Bushiri kaja kulitazama shamba, na safari hii hakucheka. Katia saini palepale: kaya haina mavuno. Kasema akili pia haina, ila fomu haikuuliza.

Jumapili, 22 Juni

Nimeshinda! Saini ninayo! Lakini Sabra analia tangu asubuhi. Anasema mpunga ule ndio ulikuwa nauli yake na godoro la bweni. Anasema Bushiri alimwahidi saini tangu wiki iliyopita, licha ya bati letu. Nikauliza mbona hakuniambia. Eti aliniambia mara mbili.

Shukrani ya punda mateke. Mdogo wake, Yasmin, yuko kidato cha tano. Mwakani zamu yake. Safari hiyo sitalima kabisa. Kwa nini tusubiri ndege?