Ufa Penye Sikio la Kaisari

Tume ya Kuzitambua Rasmi Sarafu Zilizosalia iliwatangazia wakazi wote wa Roccaspina kwamba, baada ya miaka tisa ya vikao, mji sasa una uhakika: sarafu za Kirumi za aina moja adimu, yenye kichwa cha Kaisari, zilizobaki duniani ni sita, na zote sita zilitolewa na Mwenyekiti, Ubaldo Scaramuzza, kutoka kabati la babu yake. Ya saba ni bandia. Kwa Kanuni ya Nne, aliyoiandika Mwenyekiti mwenyewe, sarafu bandia huhamishiwa sanduku la mlangoni mwa makumbusho, na jina la aliyeitoa huandikwa kibaoni kwa herufi kubwa, umma upate funzo.

Aliyeitoa ya saba alikuwa marehemu Nunziato, mwashi. Aliiokota akibomoa ukuta, akaileta makumbusho siku ileile, hakudai hata asante. Na aliyekuwa akiwamiminia wajumbe kahawa alikuwa mjane wake, Domitilla, mfagiaji wa pale. Mume ambaye hakupata kuiba hata tofali, leo aitwe tapeli naye yuko kaburini.

"Kosa lake nini, Mwenyekiti?" aliuliza.

"Viwango, mama. Sita zetu zina ufa ukingoni, penye sikio la Kaisari. Palepale, sawasawa. Ya mumeo imepasuka kidevuni. Imekiuka utaratibu."

"Warumi walikuwa watu wa nidhamu," alidakia Katibu, mdomo umejaa ferratelle, zile biskuti nyembamba zinazobanwa katika chuma cha moto. Kila bibi harusi wa kule huja na chuma chake, kimechongwa herufi ya jina lake.

Domitilla akaitazama sahani. "Hizo ni zangu au za dada yangu? Nimezichanganya."

"Zako. Nani asiyezijua? Zote zina ufa kando ya D. Chuma chako kibovu, mama, usitufiche."

"Kibovu, baba. Kikitoa mia, zote mia zina ufa mahali pamoja."

"Lazima. Si zimetoka chuma kimoja?"

"Na Warumi, sarafu walizibana hivihivi?"

"Aa, wapi. Waligonga kwa nyundo, moja moja. Ukingo unapasuka popote unapo…" Katibu akaacha kutafuna.

Mwenyekiti alizitazama zile sita. Kisha akaomba kikao kiahirishwe. Wajumbe wakamkumbusha, kwa heshima zote, Kanuni ya Nne.

Siku hizi sarafu iliyosalia ni moja. Domitilla hupangusa vibao vyote kila asubuhi, akitoka misa. Kile cha mlangoni hukirudia mara mbili, jina lisomeke.