Nyumba ya Jogoo Bila Mulango

Mardi, tarehe 7 octobre

Basi, jogoo ya tatu njo ilipotea vile. Imebakia moja, ile nyekundu, na dimanche ya tarehe 12 bokilo, bakwe, banakuya kuomba Karima, mujukuu yangu, aolewe kwao. Kupokea bokilo bila jogoo? Aibu itatufuata mpaka Ubundu. Mwizi mi namujua: Claudine, jirani wa nyuma ya ukuta, alitoka Yanonge. Batu ya Yanonge banakula samaki, lakini roho yao iko kwa kuku. Mi nasema, Karima anaandika; hii anakatala kuandika. Andika!

Bon. Nimeita Asumani, fundi wa kusoude, wa kuunganisha chuma na moto, atengenezee jogoo nyumba ya chuma.

Mercredi, tarehe 8

Asumani anauliza sana kama polisi. Tube, bomba ya wazi ndani, ao fer à béton? Fer à béton, ile nondo munene ya kujengea étage. Kusoude na gaz ao na courant ya umeme? Gaz iko moto, itachoma jogoo kabla ya siku yake. Courant. Akasema courant hakuna tangu juzi, atakodi groupe, mashine ya kutoa courant. Nilitaka tube ya zinc, ile ya kungaa. Akakatala, eti moshi yake inaua kifua. Marehemu papa ya batoto alivuta tumbako maisha yake yote, ni kuanguka ku ngazi njo ilimuua.

Kisha akauliza mulango itakuwa wapi. Nikacheka. Mwizi anaingiaka na wapi? Alors, mulango ya nini?

"Mama, na jogoo itaingia namna gani?"

"Itaingia kwanza. Wewe utafunga nyuma yake."

Samedi, tarehe 11

Imefungwa! Cheche inaruka, jogoo imeinama kama mutu anaswali. Claudine akachungulia, akauliza jogoo ilifanya kosa gani. Wivu.

Dimanche, tarehe 12

Bokilo bamefika. Maji inachemka, vitunguu iko ndani, jogoo iko ndani ya chuma, inaimba. Courant hakuna. Groupe haina essence, mafuta yake. Asumani akaleta scie, musumeno ya mukono, akakata mpaka akachoka. Papa ya muchumba akavua kanzu, akakata mwenyewe. Chuma kukatika tu, jogoo ikaruka ukuta! Claudine akairudisha, ameikamata mabawa. Karima analia. Papa akamuangalia, akaniangalia.

"Mama, kama jogoo unailinda hivi, mutoto ulimulinda zaidi. Tunamuchukua."

Lundi, tarehe 13

Nimefikiri. Claudine alikamata jogoo mbio sana. Mukono ile imezoea.

Nimenunua jogoo ingine mbili. Asumani anasema safari hii lazima mulango. Nimekubali, mi siko kichwa nguvu. Ataweka mulango, kisha ataisoude ifungwe kabisa.

Njo huyo ananiita inje, groupe imewaka. Karima, acha kuandika, shika jogoo moja, twende.