Moshi wa Toba

Jumatatu, 4 Machi
Kavuo alikuja na bugali na maharage. Akanusa vidole vyangu, akafunika sahani. Amesema sitaonja chakula chake mpaka niache sigara. Mke wa ndoa ya kanisani huyo! Kisha sahani yangu akampa Sadrack, jirani yangu wa mkeka, ambaye hajavuta wiki tatu. Gerezani, asiyeletewa chakula na nyumbani anakonda upesi. Basi, kuanzia kesho sivuti.

Jumanne, 5 Machi
Nimevuta. Moja tu, ya kuaga. Sigara ndizo zilizonileta humu: zilikutwa mpakani Kasindi ndani ya magunia yangu ya unga. Kuzitupa ghafla si utu.

Alhamisi, 7 Machi
Njaa imenipa akili! Jumapili Mchungaji Gamaliel anakuja kuongoza ibada, na wake zetu wanaruhusiwa kuingia. Anayetoa ushuhuda wa kuacha sigara huzileta mbele, zikachomwa hadharani. Kavuo akiona hayo, sahani itarudi. Tatizo: zangu nimezimaliza. Nikawaomba wenzangu wachangie. Maliro, kapita, yaani kiongozi wa wafungwa, akauliza wao watapata nini. Nikamwambia ua wetu una kuta pande zote, moshi hauna pa kwenda. Alifikiri kidogo, akatoa pakiti mbili.

Jumapili, 10 Machi
Nilishuhudia. Nililia, machozi ya njaa, lakini machozi ni machozi. Pakiti kumi na moja zikaingia kwenye mbabula, jiko letu la makaa. Wanaume arobaini wakasogea, wamefumba macho, wanavuta pumzi ndefu. Mchungaji alisema hajawahi kuona toba nzito namna ile, akaongeza wimbo. Sadrack peke yake alikaa mbali, langoni. Eti moshi unamsumbua!

Kavuo alikuja na sahani, uso umelowa machozi. Nikanyoosha mikono kuipokea. Akanusa shati langu, akanusa nywele.

“Jéthro, uko unanuka sigara.”

Nikamweleza kwamba ni moshi wa toba.

“Bon. Donc hiyo toba ndiyo itakulisha.”

Akaenda langoni na sahani.

Jumatatu, 11 Machi
Sina chozi tena, nina njaa tu. Sadrack amelala ameshiba, ananuka majani ya muhogo, sombe ya Kavuo. Lakini kosa nimeshaliona: ni shati. Jumapili ijayo nitashuhudia kifua wazi, kichwa kimenyolewa. Maliro amefurahi sana, ameshaleta mchango. Moja nimeiwasha, kuhakikisha hazijaingia unyevu.