Ziwa la Kongwa na Lenzi ya Fundi Uwesu

Yule dada alishuka kwenye bodaboda akiwa amekumbatia karatasi ndefu iliyoviringishwa ndani ya khanga. Hakuna aliyemtegemea, na hakuna aliyemwona kwanza, maana Spika alikuwa katikati ya habari.

"Wataalamu wanasema," Spika alisoma kwa sauti ya mtu anayewasilisha bajeti, "mtu akishavuka arobaini, macho yake huanza kukataa vitu vya karibu."

Gazeti lenyewe alikuwa amelisogeza mbali mpaka mikono ikamwishia.

"Spika," alisema Zabibu, "hilo gazeti likisogea tena kidogo litasomwa na watu wa mtaa wa Nkuhungu."

Benchi likacheka. Benchi hilo liko Kizota, jijini Dodoma, mbele ya karakana ya Fundi Uwesu, nalo limeundwa kwa mabaki ya mbao za watu ambao hawajui kwamba wamechangia. Pembeni yake ndipo Bi Tabu anapochemshia kahawa. Spika jina lake ni Lameck, tarishi mstaafu, na haruhusu mtu aongee bila kunyoosha mkono, ingawa hakuna anayenyoosha. Zabibu ni Mazengo, Mgogo wa Hombolo mwenye shamba la mizabibu. Na Uwesu, Mrangi wa Kondoa, wamempa jina la Mwewe, kwa sababu zamani alikata Bismillahi nzima kwenye kibao kisichozidi kiganja, kila nukta mahali pake.

"Habari za watu wa ofisini hizo," alisema Uwesu. "Mwewe hapimwi macho. Nani atashika ubao wa herufi huko angani?"

"Shikamooni," alisema yule dada.

Waligeuka wote. Aliitwa Angelina, mwalimu, ametoka chuo juzijuzi na anajitolea kwenye kituo cha watoto wasioona. Alikuwa na uso wa mtu ambaye bado hajaambiwa "njoo kesho" vya kutosha. Akaikunjua karatasi juu ya benchi. Ilikuwa ramani ya Mkoa wa Dodoma, mipaka yake imechorwa kwa mistari myembamba kama nywele.

"Fundi, naomba unikatie hii kwenye mbao. Kila wilaya iwe kipande chake, kinatoka na kinarudi. Watoto wangu wanasikia tu majina, Bahi, Chemba, Mpwapwa. Nataka wayashike."

Uwesu aliichukua ramani kwa mikono miwili. Mpaka wa Bahi na Chamwino ulimjia kama ukungu wa asubuhi. Akaisogeza mbali. Ukungu ukapungua, ila ramani nayo ikawa ndogo. Kwa mwezi mzima sasa alikuwa anakataa kazi za nakshi, akisingizia msumeno mbovu.

"Kazi ndogo hii," alisema. "Ijumaa alasiri."

"Ila fundi, kitu kimoja. Vidole vyao ndiyo macho yao. Kidole kikikuta kovu kwenye mbao, mtoto anadhani ni mlima. Anakariri hivyo hivyo."

Uwesu alimtazama yule binti, akaona haya kumdanganya mara ya pili.

"Nakuahidi, mwalimu. Kipande chenye uongo hakitatoka kwenye karakana yangu."

Angelina alishukuru mara nyingi kuliko ilivyohitajika, akapanda bodaboda yake akaondoka.

Bi Tabu alimimina kahawa, akampa Uwesu kikombe, akasema kwa upole kabisa:

"Uwesu mwanangu, muda wote ulipokuwa unaitazama ile ramani, ulikuwa umeishika kichwa chini."

"Aaaah!" Zabibu alisimama. "Ndiyo maana nilimwona Mrangi anatabasamu! Mpwapwa ilikuwa imehamia Kondoa!"

"Mwalimu wa watu kanyamaza kwa adabu," alisema Bi Tabu.

"Utaratibu! Utaratibu!" Spika aligonga benchi. "Hoja ya dharura. Mwewe wetu haoni. Serikali, yaani sisi, inasema nini?"

Uwesu alitaka kukana. Badala yake akakiweka kikombe chini.

"Karibu sioni," alisema mwishowe. "Mbali naona mpaka sisimizi. Karibu, mstari unakuwa miwili, nami sijui nifuate upi."

Alingoja kicheko. Kilikuja, lakini kilikuwa kicheko cha watu wanaosogea kwenye benchi ili mtu akae.

Kesho yake Spika aliwasili na lenzi ya mkono, kubwa kama sufuria ya chai.

"Hii ilikuwa ya masijala. Inakuza mpaka mhuri unaona aibu."

"Nitaishikaje?" Uwesu aliuliza. Mashine yake ya nakshi ina msumeno mwembamba kama uzi, unaopanda na kushuka. Kazi yote ni mikono miwili kuuzungusha ubao. "Mungu aliniumba na mikono miwili tu."

"Nitakushikia mimi. Kazi ya Spika ni kusimamia."

Wakajaribu kwenye kipande cha mbao cha mazoezi, kilichochorwa wilaya ya Chemba. Spika alishika lenzi vizuri mpaka alipokumbuka hoja yake kuhusu barabara ya mtaa. Mkono ukaanza kuhutubia pamoja na mdomo, na msumeno ukaikata Chemba katikati kama andazi.

"Umegawa wilaya bila kikao!" Zabibu alipiga kelele.

Yeye alikuja na dawa yake mwenyewe: kile kikombe cheusi cha fundi saa, chenye lenzi ndani, kinachobanwa jichoni. "Hiki ndicho kiboko. Nilimwona nacho mtu sokoni, anaona mpaka mawazo ya saa."

Uwesu alikibana jichoni. Hakuona kitu. Akainama. Bado. Akainama zaidi, na ghafla nyuzi za mbao zikatokea, nene kama kamba za kufungia ng'ombe, na pua yake ikawa karibu kunyolewa na msumeno.

"Toa pua!" Bi Tabu alipiga yowe. "Toa pua, wewe! Mkeo Amina akiuliza tutamwambia imeenda wapi?"

"Tatizo linakuza mno," alisema Uwesu akijipapasa pua kuhakikisha hesabu. "Kioo kikikuza sana kinakuvuta karibu. Na jicho moja halijui kina. Nataka kinachokuza kidogo, kikae mbali na uso, macho yote mawili yafanye kazi."

"Yaani umekataa nguvu," alisema Zabibu kwa masikitiko. "Ndiyo maana Kondoa mnapanda milima kwa kuzunguka."

"Na nyie bondeni hamuhitaji lenzi, maana hakuna cha kutazama."

"Utaratibu!"

Mkombozi alikuwa Stanley, fundi umeme, kijana anayeitwa Voti kwa sababu hawezi kukaa bila kurushwa na jambo. Alikwenda kwa mafundi simu akaazima lenzi yao: ya duara, pana, imeshikwa na mkono wa chuma unaokunjika. Inakuza mara mbili tu.

"Kaka, hii ndiyo mchongo wenyewe. Inajishika. Wewe mikono yako inabaki kwenye mbao."

Wakaibana kwenye meza ya mashine. Mashine ilipowaka, meza ikatetemeka, lenzi ikatetemeka, na ndani ya kioo Mkoa mzima wa Dodoma ukaanza kucheza ngoma.

"Ona Bahi wanavyotikisa mabega!" Zabibu alishangilia.

"Ihamishie kwenye nguzo ya ukuta," alisema Uwesu. Wakaihamisha. Ngoma ikakoma.

Ikabaki taa. Voti aliifunga moja juu ya kichwa cha Uwesu. Kivuli cha mkono kikaangukia hasa pale mstari ulipo. Akaongeza nyingine ya bei rahisi, akawasha mashine, na wote wakainama kutazama. Chini ya ile taa msumeno ulionekana umesimama kabisa.

"Umeme umekatika?" Spika aliuliza.

"Mbona inanguruma?" Uwesu alinyoosha kidole.

"USIGUSE!" Bi Tabu alipiga yowe, na kahawa ikamwagika. "Masikio yako nayo yamevuka arobaini? Mashine inanguruma, unataka kuishika!"

Uwesu alikirudisha kidole chake polepole, kama mtu anayemrudisha mtoto kutoka barabarani. Voti aliikodolea macho ile taa.

"Oya, hii inapepesa. Inawaka na kuzima harakaharaka, hatuioni. Inaenda sawa na msumeno, basi macho yanadanganyika." Akaing'oa kwa hasira. "Takataka hii. Naleta zile zinazotulia, mbili. Moja kushoto, moja kulia, ziwe chini kidogo. Kivuli cha mkono huu kinauawa na taa ya mkono ule."

Zilipowaka, Uwesu aliketi, akatazama ndani ya kioo. Mpaka wa Bahi na Chamwino ulikuwa palepale, mstari mmoja tu, mweusi, mtulivu. Alipuliza vumbi ambalo halikuwepo, akavuta ubao karibu.

Alikata wiki ile yote. Ijumaa asubuhi wilaya zote zilikuwa zimekamilika, zimepigwa msasa mpaka zinateleza kama sabuni. Umeme ukakatika, wakaitoa ramani nje kuikagua juani. Voti akaifungua lenzi kwenye nguzo, akaibana kwenye benchi.

"Hapa!" Uwesu aliinama. "Kondoa yetu mbona imepunguzwa huku?"

"Imepunguzwa wapi? Mmechukua Chemba mpaka mlangoni!" Zabibu alijibu.

"Chemba ilitoka ubavuni kwetu, muulize yeyote."

"Ubavuni? Nyie mngeachiwa mngeweka mpaka jikoni kwa Bi Tabu!"

Mrangi na Mgogo wakiwa benchi moja, utani haulipiwi ushuru. Wakasimama, wakaiacha ramani, wakaanza kuchora mipaka vumbini kwa vijiti. Spika akaja kusuluhisha, akachora mpaka wa tatu. Jua la Dodoma, ambalo halina utani na mtu, likaendelea na kazi yake kupitia kile kioo.

"Nani anachoma mahindi?" Bi Tabu aliuliza.

Hakuna aliyekuwa na mahindi. Moshi mwembamba ulikuwa unapanda kutoka Kongwa.

Uwesu aliruka, akapiga lenzi pembeni. Katikati ya kipande cha Kongwa palikuwa na shimo jeusi, dogo kama punje ya mtama, lakini lina kina. Alipitisha kidole. Kikanasa.

"Hilo si shimo," Zabibu alianza taratibu. "Hilo ni bwawa. Tuseme ni Bwawa la Hombolo."

"Hombolo haiko Kongwa!" Spika alisema.

"Nani atajua? Watoto wenyewe hawaoni."

Zabibu alisikia alichosema kikiwa tayari kimetoka. Akakaa chini.

"Hao ndio watajua," alisema Uwesu. "Sisi tunaoona ndio tunapita bila kugundua. Mtoto atakua akijua Kongwa kuna ziwa. Siku moja ataenda, atauliza maji yako wapi, watu watamcheka. Na mimi ndiye nitakuwa nimemdanganya."

"Kata Kongwa peke yake," Voti alishauri.

"Kipande cha ubao mwingine hakikai. Kitaacha mwanya, kidole kitasema kuna mto. Inabidi ikatwe yote, ubao mmoja."

"Basi chukua ubao."

"Mninga mkavu wa unene huu ulikuwa huo mmoja." Uwesu alikuna kichwa. "Mwingine upo nyumbani. Ni mlango wa kabati la vyombo la Amina."

"Uuuwi!" walisema wote kwa pamoja.

Kabati hilo Amina alilisubiri miaka mingi, kwani mke wa fundi ndiye mteja wa mwisho wa fundi. Alilipata mwaka huu, na kila mgeni anayefika nyumbani kwao Nkuhungu hufunguliwa mlango ule auone kabla hajapewa maji. Uwesu alipiga simu. Spika akaunyoosha mkono wake na kubonyeza spika ya simu, kwa manufaa ya umma.

"Baba Nasra, kuna nini?"

"Mama Nasra. Ule mlango wa kabati..."

"Umefanyaje mlango wangu?"

"Bado sijaufanya. Nauomba." Akaeleza yote: mwalimu, vidole, kioo, moshi. Hakujitetea.

Kwenye simu ukasikika mlango wa kabati ukifunguliwa, kisha ukafungwa.

"Panya wakiingia kwenye vyombo vyangu," alisema Amina, "wewe ndiye utakayekula walichobakiza. Mtume mtu wa bodaboda. Na bisibisi aje nayo, kucha zangu si za kufungulia skrubu."

Mlango ulipofika, Uwesu alitoa bawaba, akaushika kwa muda. Alikuwa amechonga zabibu ndogo pembeni mwake, kazi ya mwisho aliyoifanya kabla macho hayajaanza kumkimbia. Umeme uliporudi akaketi chini ya taa mbili, akaukata, na kazi iliyomchukua wiki, mikono iliyokwisha kuizoea mipaka ikaimaliza kwa saa chache. Safari hii benchi zima lilihamia ndani, na ajabu ya dunia, hakuna aliyetoa hoja. Zabibu alishika Kondoa yote kwa heshima ilipokatika, akaipiga msasa mwenyewe, ukingo kwa ukingo, mpaka wa Chemba bila kuupunguza wala kuuongeza.

Angelina alipofika alasiri alikuta wilaya ya mwisho bado ina joto la msumeno. Hakuitazama ramani. Alifumba macho, akaweka vidole Bahi, akavuka Chamwino, akapanda taratibu mpaka Kongwa. Pale akazunguka, akarudi, akazunguka tena. Uwesu alishikilia ukingo wa meza.

"Hapa hakuna kitu," alisema Angelina. "Ni tambarare tu."

"Hakuna kitu, mwalimu," alisema Uwesu. "Hakuna kabisa."

"Watu wa Kongwa wasiwasikie," alisema Zabibu.

Angelina akacheka huku macho bado kayafumba, na Uwesu akaanza kutafuta bodaboda ya kwenda Nkuhungu, kwenye kabati lisilo na mlango.