Mchanga wa Uingereza

Mwaka wa tisini na sita, Machuki aliposikia kwamba Mama Bonareri, mfanyabiashara wa ng'ombe hapo Migori, ameachiwa farasi na padri Mzungu aliyerudi kwao, alinunua soda mbili akazinywa zote mwenyewe. Alikuwa na sababu. Baba wa Nyaboke, msichana aliyetaka kumwoa, alishamwambia: ng'ombe sita kabla ya Desemba, la sivyo binti anaolewa na Mwalimu Omosa. Ng'ombe Machuki hakuwa nao. Ulimi alikuwa nao.

Akamkuta Mama Bonareri uani, farasi amezama kwenye udongo mweusi hadi magotini. Mama alitaka kumfundisha kutembea kwa madaha, amkodishe kwa mabwana harusi hadi Homa Bay.

"Mama, huyu utamvunja miguu," Machuki akasema kwa huzuni, kama aliyefiwa. "Farasi hukanyaga mchanga wa Uingereza. Haushiki maji, haurushi vumbi."

"Na changarawe je?"

"Itamuumiza kwato."

"Maranda ya fundi mbao?"

"Mama, huyu ni farasi, si kuku."

Mama akacheka. Wakapatana mbele ya Chifu Onyango: Machuki apewe ng'ombe sita, siku farasi atakapokimbia juu ya mchanga huo bila kuzama. Chifu akauliza mchanga unatoka wapi. Machuki akaapa, mkono juu, kwamba umeshuka melini Mombasa.

Ulitoka Masara kwa lori. Huko wachimba dhahabu wakishasaga mawe na kuyaosha, mchanga hubaki vilima vilima, na Machuki, mtu wa mjini asiyewahi kushika karai, aliona takataka ya bure. Mungu huwajalia wajanja maneno mengi, elimu huwapimia kwa kijiko.

Mama Bonareri akachota konzi moja, akaisugua kiganjani, akaigeuza juani. "Mzuri," akasema. "Lakini haba. Ongeza."

Akaongeza. Wiki iliyofuata mchanga wa uwanjani ulikuwa umepungua. "Ni mvua, mwanangu," mama akasema. Akaongeza tena. Lori la tano alilikodi kwa kuuza redio, la saba kwa kuuza baiskeli.

Desemba ilipoingia Machuki akaja bila taarifa. Kijitoni nyuma ya boma akakuta wanawake wanne, kila mmoja na karai lake, wanaosha mchanga wa Uingereza. Kwenye leso ya mama zilikuwa punje za njano.

"Hiyo ni dhahabu," Machuki akasema.

"Mimi nimezaliwa Masara. Wanaume huosha kwa pupa, sisi tunaosha walichoacha. Ndicho kilichonisomesha."

"Basi nipe sehemu yangu, mama. Huo mchanga nimeutoa Masara mwenyewe."

"Twende kwa chifu, ukamwambie hivyo hivyo."

Machuki akakaa chini. Kule uwanjani farasi alikuwa akikimbia kwa raha zake.

"Na ng'ombe wangu? Si huyo anakimbia?"

"Juu ya maranda, mwanangu. Kama kuku."

Hapo Machuki akasema kweli ya moyoni, kwa mara ya kwanza mwaka huo. "Ng'ombe hao walikuwa wa mahari, mama. Nampenda Nyaboke, na sasa nimemkosa. Inaniuma."

Mama akamtazama, moyo ukamlainika kidogo. "Jumamosi nina harusi Homa Bay, nataka mtu wa kumwongoza farasi. Chakula kipo."

"Harusi ya nani?"

"Ya mwalimu mmoja," mama akasema, akiangalia kijito. "Anaitwa Omosa."

Machuki akaichukua kamba ya farasi, akauliza kama kutakuwa na nyama.