Majina Matatu ya Ruggero

"Baba bora wa mwaka katoka Pisa? Pisa hii hii ya jirani, mahasimu wetu?"

"Niache nimalize kusoma, Breki."

"Hakuna cha kumaliza. Funga hilo gazeti kabla kahawa hazijachacha."

Askofu hakufunga. Tunamwita Askofu kwa sababu mara ya mwisho kuingia kanisani ni siku aliyobatizwa, na inasemekana alitukana. Akasoma kwa sauti: jamaa wa Pisa analea mapacha peke yake, anawapikia, anawashonea, kapewa tuzo. Breki, dereva mstaafu wa basi ambaye Livorno nzima inamkumbuka kwa kuruka vituo, akasema mapacha wa Pisa si kazi, wanazaliwa wamechoka.

Hapo Ruggero akaweka karatasi juu ya kaunta ya baa.

Ruggero anapakua makontena bandarini, siku wakimwita. Mkewe alihamia Ujerumani akamwachia binti yao Ginevra, mwenye miaka minane. Sasa bibi wa mtoto, aliye Bergamo, mbali kaskazini, anamtaka mjukuu. Mama wa ustawi wa jamii kamwambia Ruggero alete majina matatu ya watu wazima wanaomsaidia kulea, mwisho leo saa sita mchana. Bila hayo hakimu atasema mtoto hana watu huku, apelekwe kwa bibi. Saa yenyewe ilikuwa tano na nusu.

"Niandike mimi wa kwanza," nikasema.

Mimi ndiye Wakili. Nilisoma sheria miaka tisa nikabakiza mitihani minne, na hiyo minne bado inanisubiri, haina haraka.

Breki alicheka mpaka ponce, ile kahawa yetu ya ramu, ikamtoka puani. Akawakumbusha wote siku nilipotumwa kumchukua Ginevra shuleni, nikaenda shule iliyofungwa miaka sita nyuma. Nilisubiri getini saa nzima, nikilaani uzembe wa walimu. Na mimi nikawakumbusha siku Breki alipomsaidia mtoto hesabu, mtoto akarudi na sifuri iliyopigiwa mistari miwili.

"Hesabu yenyewe ilikuwa ya treni," Breki akajitetea. "Mimi nilikuwa mtu wa mabasi."

Askofu akakohoa, akadai yeye peke yake ndiye kamfundisha mtoto kitu cha maana.

"Kuiba kwenye karata," Ruggero akasema. "Kammaliza padri anayemfundisha komunyo peremende zote, mzee. Nimeitwa mara mbili."

Tukaendelea kugombea nafasi ya kwanza kama madiwani, kila mmoja akimpaka mwenzake matope, mpaka hata sisi tukaelewa kwamba hakimu akitusikia, atampeleka Bergamo Ruggero naye.

Ruggero akashika kalamu. Akatutazama mmoja mmoja: Breki ana sitini na tatu, mimi arobaini na nne, Askofu umri wake hasemi.

"Ndugu zangu, nawapenda," akasema taratibu. "Ila mtoto akiugua, supu inatoka kwenu. Nguo zake za shule zinapigwa pasi kwenu. Na sijawahi kumwona hata mmoja wenu akiwasha jiko. Nyote watatu bado mnakaa kwa mama zenu."

Akatusogezea karatasi na kalamu.

"Niandikieni majina ya mama zenu. Na muwapigie simu sasa hivi, mniombee ruhusa."