Habari za Mwanamkuu binti Masolwa na Kiatu cha Mwajiri Wake

Jongeeni, enyi wana wa Unyanyembe! Jongeeni na ninyi mlioketi Bukene mkingoja treni isiyo na haraka na mtu. Waseminari wa Kipalapala, fungeni vitabu vyenu. Wenye maduka wa Kanyenye, mwacheni mteja ajihudumie, hataiba. Wengi wameandika habari za mji huu, na wote wameandika pembe za ndovu, misafara, na wababe waliokwisha kuoza. Mimi hayo yamenichosha. Kila mgeni ashukaye Tabora huulizia wafu, kana kwamba sisi tulio hai tumeachwa hapa kufagia njia waliyopita. Basi leo naiandika tarikhi ya aliye hai, mwanamke aliyeteka kiatu kimoja cheusi cha mguu wa kulia, akakishika mbele ya ghadhabu ya mwajiri na mbele ya meza ya serikali, wala asikiachie. Mwenye kutaka kucheka na acheke sasa, amalize.

Naye alikuwa Mwanamkuu binti Masolwa, Mnyamwezi wa mjini, Jabali la Kanyenye, Mchuja Asali Asiyedondosha, mwanamke wa makamo mwenye mabega mapana na ulimi usio na breki. Katika kiwanda kidogo cha kufungasha asali, uchochoroni huko Kanyenye, yeye ndiye aliyeitenga asali ya miombo na nta na mabawa ya nyuki, na mkono wake ulikuwa mtulivu hata nzi walikata tamaa. Kazi hiyo aliipenda. Nalisema hili waziwazi, kwa sababu wako watu wadhanio kwamba kupenda kazi ni jambo la wenye ofisi zenye pangaboi. Siku moyo wake ulipokuwa mzito, alisimama juu ya ndoo akaitazama asali ikishuka polepole, hata uzito ukamtoka.

Mwenye kiwanda alikuwa Abasi bin Sabiri, Bwana wa Ndoo na Vifuniko, Mzaramo kwa ukoo, mdogo kwa Mwanamkuu kwa umri. Kila asubuhi, ijapokuwa yeye ndiye bosi, alianza yeye: "Shikamoo, mama." Naye akajibiwa, "Marahaba, mtani, leo umeamka mbaya zaidi kuliko jana." Kisha wote wakaingia kazini wakiwa na furaha.

Kwa maana hao wawili walikuwa watani, na asiyejua utani hataijua vita hii. Zamani babu zetu Wanyamwezi walipobeba mizigo kwenda pwani, walipita katika nchi ya Wazaramo, wakagombana, wakapatana, wakaapa kutukanana kwa upendo mpaka kiama. Na penye msiba mtani ndiye mfalme. Humsema maiti vibaya, hulizuia jeneza njiani, huteka kitu cha mfiwa akakimbia nacho. Kitu hicho hakirudi mpaka mfiwa akigomboe kwa chochote kitokacho mkononi mwake, iwe kuku, iwe andazi. Mtani akikirudisha bure amekubali mwenyewe kwamba hakuteka, aliiba.

Ikawa mjomba wake Abasi akafariki, mzee Majidi, aliyemlea Abasi tangu utoto. Nyumba ikajaa. Mwanamkuu akaja amevaa gunia juu ya kanga na sufuria kichwani kama kofia ya chuma, akaupita upande wa wanawake, akaingia upande wa wanaume pasipo kubisha, akanguruma: "Enyi Wazaramo! Leo amelala bahili wa mabahili! Mtu huyu alihesabu mbegu za papai kabla ya kukukatia kipande! Mnamlilia nini? Kaburini ataomba apunguziwe bei ya udongo!" Wazee wakacheka mpaka kofia zikawaanguka. Naye akaziendea zile ndara na viatu vilivyopangwa ukingoni mwa mkeka, akachagua kimoja, cheusi, cha kamba, kilichong'arishwa. Akatoweka nacho.

Sasa Abasi alikuwa ameketi kati ya wateja wake wakubwa waliotoka Dar es Salaam. Saa ya kwenda makaburini akakivaa kiatu cha kushoto, na cha kulia hakipo. Akamzika mjomba wake akiwa na kiatu cha ngozi mguu mmoja, na mguu wa pili kandambili ya rangi ya waridi ya shangazi. Waheshimiwa wa Dar wakatazama angani kwa adabu. Mimi simlaumu Abasi kwa kuumia. Alikuwa hajalia bado, na mtu asiyelia hutafuta pa kukitupa kile kitu kilichomkaba. Akamtupia Mwanamkuu. Akasimama uani mbele ya halaiki yote akatamka: "Mwanamkuu, kuanzia leo huna kazi! Nimekufukuza!"

Halaiki ikapiga vigelegele. Mwanamkuu akainama hadi chini, akajibu: "Ahsante, bwana mkubwa! Na mimi nimekufukuza Uzaramo!"

Hapo ndipo lilipo kosa, na ni kosa ambalo hapana mji mwingine ungelifanya. Mzaramo alimfukuza Mnyamwezi kazi katikati ya msiba, na hapakuwa na kiumbe mmoja pale aliyesadiki.

Kwa hiyo kazi zilipofunguliwa, shujaa wetu akaja kama kawaida, akavaa aproni. Abasi akamkuta kwenye ndoo, akamwambia, "Wewe si nimekufukuza?" Mwanamkuu akacheka. Abasi akamrudia kwa sauti kubwa zaidi. Akacheka zaidi, akajishika kiuno, akamwita Getruda aje asikie jinsi bosi alivyouweza utani siku hizi. Getruda ndiye mfunga vifuniko, Mmoraviani mwembamba, mwaminifu kama mlango wa chuma. Naye Getruda alimtazama Abasi usoni, wala hakucheka. Ndipo Abasi akanena polepole: "Umeiba kiatu changu. Siweki mwizi kwenye mali yangu. Toka."

Mwanamkuu akavua aproni akaikunja vizuri, maana mikono ilikuwa haijui la kufanya. Akatoka. Jabali la Kanyenye likatembea hadi nyumbani bila kumtania mtu njiani, na watu wakaulizana kama ni mgonjwa.

Jioni Getruda akamfuata, akaketi kizingitini, akahutubu hivi: "Dada, nisikilize, na usinikate kauli. Kaka yangu wa Bukene alifukuzwa kazi. Akaenda kumlalamikia baba mdogo, akaenda kwa mwenyekiti, akaenda kwa mchungaji, akazunguka na uchungu wake kama mwuza karanga. Alipofika Tume ya usuluhishi wakamwambia, muda umekupita, ulipewa mwezi, ulikuwa wapi? Wewe usizunguke. Kesho asubuhi twende."

"Nikawaambie nini? Kwamba nilivaa sufuria?"

"Kwamba umefukuzwa bila kusikilizwa. Hayo ya sufuria watauliza wenyewe."

Enyi mababu mliovuka mbuga za Ugogo na mizigo mabegani, tazameni sasa safari ya mjukuu wenu! Akakitia kiatu ndani ya kanga, akaifunga kanga kifuani, akashika njia ya vumbi mpaka ofisi ya Tume. Njiani mbwa akabweka, akatazamwa, akanyamaza. Kwenye foleni mtu alijaribu kupita mbele yake. Mtu huyo leo ni mnyenyekevu sana. Dirishani akaeleza kisa chake, akaambiwa aandike, akaandika. Akaambiwa mwajiri ataitwa. Nayo siku ikawadia.

Katika chumba chenye meza moja na feni iliyokataa kuzunguka, akaketi msuluhishi, Bwana Kasimiri, mtu mpole aliyekuwa na mafua. Upande huu Mwanamkuu na Getruda. Upande ule Abasi, amevaa makobazi, na chupa ya maji mbele yake. Alipoingia mdomo wake ulimtangulia: "Shikamoo, mama." Naye, "Marahaba." Kisha wote wawili wakakumbuka kuwa ni maadui, wakatazama ukutani.

Bwana Kasimiri akapenga kamasi, akanena: "Mimi si hakimu. Kazi yangu ni kuwapatanisha. Mkishindwa, shauri litakwenda kwa mwamuzi, naye atakata. Sikilizeni sheria kwa ufupi. Kumwachisha mtu kazi kunataka sababu ya kweli na utaratibu wa haki. Aambiwe kosa lake, apewe nafasi ya kujitetea, hata aje na mwenzake wa kumsimamia. Akiachishwa isivyo haki, anaweza kurudishwa kazini au kulipwa fidia. Na hata akiachishwa kwa haki, cheti cha kuonyesha kwamba alikufanyia kazi ni chake, humnyimi. Sasa, Bwana Abasi, huyu mama ulimsikiliza wapi?"

"Msibani."

"Ulimsikiliza msibani?"

"Nilimfukuza msibani. Kusikiliza ningesikilizaje, nilikuwa na kiatu kimoja!"

"Na sababu?"

"Wizi."

Mwanamkuu akafungua kanga. Akakiweka kiatu mapajani, akakishika kwa mikono miwili. "Kiatu hiki hapa. Mwizi gani huyu anayeleta mwenyewe mali aliyoiba mbele ya serikali? Nilikiteka. Akigomboe."

"Basi kigomboe, bwana," akasema Kasimiri, "hata kwa andazi."

"Nikikigomboa nitakuwa nimekubali ni utani. Na kama ni utani, sikuwa na sababu ya kumfukuza. Hapana. Arudishe."

"Basi kirudishe, mama."

"Nikikirudisha bure nitakuwa nimekubali ni wizi. Hapana."

Loo, ngome mbili, na katikati kiatu! Bwana Kasimiri alikwisha kusuluhisha madereva na matajiri wao, walimu na wenye shule, lakini hapo alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, na hali ikawa ileile.

Ndipo Mwanamkuu akasimama, akahutubu hotuba ambayo Getruda huirudia hadi leo pasipo kuombwa: "Abasi, mjomba wako nilimtania maisha yangu yote. Aliniita mpagazi, nikamwita bahili, na Idi ilipofika alikuwa wa kwanza kuniletea sahani. Alipokufa nililia jikoni kwangu mpaka jirani akaja kuuliza. Kisha nikanawa uso, nikavaa gunia, nikaja kwenu. Hiyo ndiyo kazi ya mtani, kuja kuwavuta nyinyi mnapozama. Nimechuja asali yako, sijawahi kulamba hata kidole bila kusema. Ukiniambia nimekosa adabu, sawa. Ukiniambia kazi imekwisha, nitaumia, lakini kazi huisha. Ila hilo neno moja. Nikienda kuomba kazi popote watauliza kwa nini niliondoka kwako. Nitawaambia nini, Abasi? Niwaambie mimi ni…"

Neno likakataa kutoka. Ulimi ule usio na breki ukasimama. Akakohoa, akajishika koo, machozi yakamtoka. Na Abasi, wala hakuwaza, akaifungua ile chupa ya maji akaisogeza hadi mkononi mwake. "Kunywa, mama," akasema.

Akanywa. Akashusha pumzi. Akaitazama chupa, kisha akamtazama Abasi, na uso wake ukaanza kubadilika pole kwa pole kama wa mtu aliyekumbuka alipouacha ufunguo.

"Getruda," akasema, "ametoa."

"Ametoa!" akapaza Getruda.

"Hayo ni maji tu!" Abasi akaruka. "Nimempa kwa sababu anakohoa!"

"Yametoka mkononi mwa mfiwa au hayakutoka?" akauliza Mwanamkuu.

"Lakini mimi sikukusudia…"

"Yametoka au hayakutoka?"

Wote wakamgeukia Bwana Kasimiri, naye akaweka leso kando kwa uzito wa mtu anayetia saini mkataba wa mataifa. "Yametoka," akasema. "Nimeyaona kwa macho yangu."

Mwanamkuu akakiinua kiatu juu, akakishusha mezani kwa kishindo. "Kiatu kimegombolewa! Na mjomba wako angekuwepo, Abasi, angekugombeza. Chupa nzima ya nini? Kifuniko kingetosha!"

Abasi alijaribu kukasirika. Getruda anasema ilionekana kabisa kwamba anajaribu. Pua ikamcheza. Kicheko kikamponyoka, kikubwa, kibaya, kikatikisa meza ya serikali. Na kilipofika katikati kikageuka kilio. Akakilaza kichwa karibu na kiatu akamlilia mjomba wake, yeye ambaye alimzika kwa macho makavu. Mwanamkuu akazunguka meza, akamwekea mkono mgongoni, akamwambia, "Lia, mtani, lia. Umechelewa, lakini lia." Akalia sana.

Alipojifuta, Bwana Kasimiri aliuliza kwa upole makubaliano ni yapi.

"Arudi kazini," akasema Abasi. "Kesho. Hata leo."

"Na lile neno?" akauliza Mwanamkuu, naye hakutabasamu.

Abasi akasimama kwa makobazi yake. "Hapakuwa na wizi. Andika hivyo, mheshimiwa. Na andika kwamba mimi nimesema samahani, nami ni mwajiri."

Ikaandikwa, ikasainiwa, na pale nje treni ya Mwanza ikapiga honi. Wapo wasemao iliwapigia mbuzi waliokuwa relini. Mimi mwandishi nasema ilipiga saluti. Basi wajulishwe wote wapitao mji huu kwamba katika siku zetu hizi, mchana mweupe, pasipo mkuki wala baruti, mwanamke mmoja wa Tabora alikataa kuitwa mwizi, na hakuitwa tena.